Matiti ya kupandikiza: mililita 250 au 400?

Kwa bei, saizi hizi hazipishani sana. Fedha nyingi huishia kwenye upasuaji. Kinachozitenganisha ni uzito. Silikoni ya mililita 400 inakaribia gramu 400 kila upande, na anayeinama kuchuma chai Rungwe kutwa nzima atausikia shingoni na mgongoni. Kubwa pia huvuta ngozi, na miaka ikienda titi huweza kushuka au kingo za kipandikizi zikashikika kwa vidole. Hapo 250 inashinda waziwazi. Ila kwenye kifua kipana 250 hupotea, na wapo wanaojuta kutochukua kubwa zaidi.

Pima mchele wa Kyela kwa jagi, mililita 250 kisha 400, funga kwenye soksi, vaa ndani ya sidiria, fanya kazi zako za nyumbani. Mwili utakujibu.

Matunzo ni yale yale kwa saizi zote mbili: vipandikizi havidumu maisha yote, na vinahitaji kukaguliwa kwa altrasaundi. Kama daktari wako yuko Dar, kutoka Rungwe hesabu zaidi ya kilomita 800 kila safari.

Mwembamba mwenye kazi za nguvu, ningemwelekeza 250. Mwenye kifua kipana aijaribu 400, mradi daktari apime kwanza upana wa titi.