Daftari la mazingira la familia: lipi linavuka masika?

Familia ya pwani ikiamua kuandika mazingira mwaka mzima, tangu kumbikumbi wa vuli hadi mwembe utoe maua wakati wa kipupwe, adui wa kwanza wa daftari ni unyevu. Ndiyo maana tumepanga madaftari matano kwa uwezo wa kuvuka masika. Uzuri wa jalada haukupewa alama.

Namba moja ni kaunta buku la A4, jalada gumu, kwaya mbili (kwaya ni kipimo cha idadi ya karatasi). Lina kurasa 192. Mkijaza mbili kwa wiki mtatumia 104, na zinazozidi zina kazi: baadhi zitakatwa. Majani makavu yakibandikwa, kitabu huvimba hadi uti ukapasuka. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, kata karatasi moja katika kila nne, ukibakiza ukingo wa sentimita 2 kwenye mshono. Kingo hizo ndizo zinazotoa nafasi ya unene.

Dukani lifungue katikati ya fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja. Ukiona uzi, limeshonwa. Ukiona gundi tupu, lirudishe. Joto likiilegeza, kurasa zitanyofoka moja moja. Dosari ya kaunta buku ni mistari, nayo huwaudhi watoto wanaochora. Bandikeni karatasi nyeupe juu yake, basi.

Namba mbili, daftari la kuchorea lenye waya. Hulala wazi kabisa mapajani, na hilo ni raha kwa mtoto aliyekaa chini ya mti. Kwa rangi za maji tafuta karatasi ya gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba. Ya gramu 80 hujikunja na rangi hutokea upande wa pili. Waya mtupu hushika kutu kwa hewa ya chumvi, chagua uliovikwa plastiki.

Namba tatu, faili la pete na karatasi za A4. Linafaa nyumba yenye watoto wengi, kila mmoja achore lake bila kugombania. Lisitoke nje: upepo ukizivuta karatasi, matundu ya panchi hupasuka.

Namba nne, daftari la shule lenye pini. Pini hushika kutu, karatasi za katikati huchomoka. Nunueni moja tu, liwe la rafu.

Mwisho kabisa, shajara yenye tarehe zilizochapwa. Siku kavu hubaki tupu, na siku kumbikumbi wanapotoka, kuku wakala hadi wakavimbiwa, nafasi haitoshi.

Kalamu? Penseli ya HB au 2B. Baadhi ya wino wa jeli huchuruzika ukiloa mvua; biki hustahimili.

Jani bichi msilibandike, litaota ukungu na kuambukiza kurasa jirani. Lilazeni kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, badilisheni magazeti kila siku kwa siku tatu, kisha liacheni wiki nzima. Liguseni shavuni: likiwa na ubaridi, bado lina maji. Gundi ya kijiti inatosha. Ya maji hukunja karatasi, na selotepu hugeuka njano ikabanduka.

Masika yakianza, daftari likae kabati la juu, mbali na ukuta, na siku ya jua lianikwe kivulini likiwa wazi.