Uzoefu wangu: sola ya kuchajia betri ya pili ya gari tukipiga kambi Vumawimbi

Watu wananiuliza sana ile sola yangu ya kwenye gari inafanya kazi kweli au ni mapambo tu, basi nimeona niandike yote hapa mara moja, maana nikimjibu mmoja anakuja mwengine na suali lile lile.

Kwanza mujue natumia nini. Gari ni Escudo ya zamani, betri yake ya kuwashia ipo mbele kama kawaida, na kwenye buti nimefunga betri ya pili, AGM (ya asidi iliozibwa, haitiwi maji) ya ampea-saa 100. Paneli ni mbili za wati 100 kila moja, zile za kioo na fremu ya alumini, fundi kanitilia bawaba katikati zinakunjika zikatazamana, na miguu ya bomba nyuma. Kontrola, kile kidude kinachosimamia chaji baina ya paneli na betri, ni MPPT ya ampea 20, yaani ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea. Waya kutoka paneli mpaka garini ni wa milimita 6 za mraba, urefu kama mita 10. Huo urefu wa waya muukumbuke, ndo nnaokuja kuuzungumzia sana.

Kazi kubwa ya mtambo wote huu ni friji. Sie tunapokwenda Vumawimbi au upande wa Kigomasha, huko kaskazini ya Pemba, tunakwenda kuvua, na samaki lazima arudi mjini Chake Chake akiwa mzima, sio ananuka. Wazee wetu wakienda dago, kambi ya wavuvi, walikuwa wanafanya ng'onda, wanarudi na samaki mkavu na maisha yanakwenda, lakini saivi ukimpelekea mke wako ng'onda kila safari sijui kama atakufungulia mlango. Barafu ya kununua njiani nayo kesho yake adhuhuri ishakuwa maji na samaki wanaogelea humo tena wakiwa wafu.

Friji yangu ni ya volti 12, ndogo, lita 35 hivi, inakula wati 45 ikiwa inanguruma, na kwa joto la kaskazi inanguruma karibu nusu ya wakati. Piga hesabu kwa saa 24, ni kama wati-saa 540, yaani ampea-saa 40 na kitu. Betri ya AGM ya 100 usiishushe chini ya nusu ukitaka ikae miaka, kwa hivo una 50 za kutumia. Kwa maneno mengine bila ya jua hio betri inakupeleka siku moja tu na kidogo, baadae ni kusali. Taa za LED, simu na kifeni sivihesabu, vinakula kidogo sana ukilinganisha na friji.

Paneli mbili za 100 zinaniletea ngapi? Sio 200, msidanganyike. Ile 200 ya kwenye stika imepimwa maabara seli zikiwa na joto la digrii 25, na hapa kwetu paneli ikikaa juani saa sita mchana inafika 60 na zaidi, na kila digrii moja inayopanda inakula kama asilimia 0.4, basi hapo tu ishaondoka 14 katika kila 100. Weka na vumbi, weka na waya, mie naona wati 140 mpaka 150 kwenye kontrola jua likiwa limetulia. Kwa siku nzuri tunapata kama masaa 5 ya jua kamili, ni wati-saa 700 na kitu. Friji inakula 540, kwa hivo inatosha na inabaki ya kulipia usiku. Paneli moja peke yake haitoshi kwa friji, hili nasema wazi, anaekuuzia paneli moja ya 100 na friji kwa pamoja akakwambia "itakwenda tu" muulize yeye ataitoa wapi hio tofauti.

Sasa nije kwenye lile ninalolitaka. Mtoto wa ami yangu ana Noah na yeye paneli zake kazifunga juu ya keria, wati 200 vile vile, betri ile ile, na tunakwenda pamoja, kwa hivo tumepata kuzitazama sola mbili sehemu moja saa moja. Yake inapendeza, hashuki na kitu, hakunji kitu, akiwa barabarani inachaji. Lakini ukifika Vumawimbi jua lile, wallahi huwezi kuiacha gari wazi, utapika wali ndani bila ya moto. Unataka kivuli. Na kivuli cha pale ni cha minazi. Basi Noah ikiingia kwenye kivuli na sola imeingia kwenye kivuli, akitaka chaji aitoe gari juani, na vyakula na watoto na godoro vimo humo humo juani. Mie Escudo ipo chini ya mti, paneli zipo mita 10 huko mchangani zinaota jua peke yao. Mchana mmoja nimemsikia anamwambia mkewe, "Toka huko kivulini nisogeze gari," na bi mkubwa akamjibu, "Sogeza friji, mie sisogei."

Na msidhani kivuli kidogo si kitu. Hapa ndo watu wengi hawaelewi. Paneli ya wati 100 ya kawaida ina seli 36 zimeungwa moja baada ya nyengine, umeme lazima upite zote, kwa hivo ukiziba seli moja tu umewabana wote waliobaki. Nyuma kwenye kile kiboksi kuna diodi za kuuvusha umeme upande uliozibwa, lakini kwenye paneli nyingi za ukubwa huu kila diodi inaruka nusu nzima ya seli, na nusu iliobaki inatoa volti 9 hivi. Volti 9 haiwezi kuchaji betri ya volti 12, hata jua liwe kali vipi. Kwa hivo kuti moja likipita juu ya paneli, tena sio kuifunika, kupita tu, utaona ampea zinashuka kutoka 5 na kitu mpaka chini ya 1. Tumelitizama hilo kwenye kontrola yake, kuti linayumba na upepo na namba zinapanda na kushuka. Ndo maana na zangu mbili nimeziunga sambamba, plasi kwa plasi na neg kwa neg, moja ikipata kivuli ya pili haihusiki.

Kuzielekeza hakuna shida. Pemba ipo digrii 5 kusini ya ikweta, jua la mchana linakaa karibu utosini mwaka mzima, mwezi wa sita linalala kidogo kaskazini na mwezi wa kumi na mbili linalala kidogo kusini, basi. Hamuna haja ya ile stendi ya kusimamisha paneli kama ukuta munayoiona kwenye video za Ulaya. Mie nainamisha kidogo tu, asubuhi naielekeza mashariki, alasiri naigeuza, na hio mwenye paneli ya paa haipati. Halafu upepo unapita chini yake inapoa. Zile paneli laini za kubandika moja kwa moja kwenye bati sizishauri kwa joto letu, hazina pa kupumulia.

Waya. Jamani waya. Ukirefusha waya ujue unauza volti. Waya wa 2.5 kwa mita 10 kwenda na 10 kurudi, ampea 11 zikipita unapoteza volti 1.5 njiani, wa milimita 6 unapoteza 0.6 tu. Wa 6 ni ghali na ni mzito kuukunja lakini ndo wenyewe. Na kontrola ikae karibu na betri, sio kule kwenye paneli. Kuna zile seti za kukunja zinakuja na kontrola imebandikwa mgongoni mwa paneli, zile ukiziongezea waya mrefu kontrola inapima volti za kule, inafikiri betri ishafika volti 14.4 za kujaa na inapunguza chaji na kumbe betri bado ina njaa. Ikiwa ushainunua sio mwisho wa dunia, ing'oe uihamishie kwenye buti. Wakati wa kuunga anza na betri kwenye kontrola, halafu ndo paneli, kontrola ijijue kwanza ipo kwenye mtambo wa volti 12. Ukifungua, paneli kwanza. Na fyuzi iwe pale pale karibu na plasi ya betri, hili sio la hiari, betri ya 100 ikipigwa shoti na waya mnene itakuunguzia gari yote.

Kwenye kununua muwe macho. Mjini nimeonyeshwa paneli imeandikwa wati 300 na ukubwa wake hauzidi meza ya kahawa, bei nzuri mno, muuzaji anaapa. Usimsikilize, chukua utepe upime. Jua kamili linaleta wati 1000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri za kawaida zinabadilisha kama asilimia 20 tu, kwa hivo wati 100 za kweli zinataka karibu nusu mita ya mraba. Paneli ya nusu mita inayojiita 300 ni uongo wa mchana. Kontrola nazo, zipo za PWM zimebandikwa stika ya MPPT, ukiipakata na ni nyepesi kama sanduku la kiberiti basi ndani hamna koili, hio ni PWM. PWM sio haramu, inachaji, ila inaivuta paneli ishuke kwenye volti za betri, ile paneli ya volti 18 inafanya kazi kwenye 13, ampea 5.5 mara 13 ni wati 70 na kitu tu. Kwa mtu wa taa na simu PWM inatosha kabisa.

Altaneta. Kutoka Chake mpaka Vumawimbi kupitia Konde na msitu wa Ngezi ni mwendo wa saa moja na kitu, na njiani betri ya nyuma inachajiwa na gari kwa relei ya volti, ikifika 13.3 inaunga betri mbili, ikishuka 12.8 inaziachanisha, kwa hivo friji haiwezi kula betri ya kuwashia hata iweje. Relei yangu inapima pande zote mbili, basi hata jua likijaza ya nyuma, ya mbele nayo inapata. Hio peke yake imeshanifaa, gari ikikaa kambini bila kuwashwa inawaka kama imetoka gereji. Lakini kutegemea altaneta tu kwa safari fupi kama zetu, hapana, kisiwa hichi hakina urefu wa kujaza betri.

Chumvi ndo adui mkubwa kuliko mvua. Zile plagi za paneli zikikaa wazi upande wa bahari zinaota kutu ya kijani mara moja, mie nikifika nyumbani nazifuta kwa maji baridi, yaani yasio ya chumvi, na kitambaa, na nikizifunga nazitia kwenye mfuko. Kioo nacho futa kwa maji baridi, mchanga usiusugue utakwaruza. Kusi likivuma paneli lazima ufunge kamba kwenye mguu au upandishie mfuko wa mchanga, upepo ule ukiingia chini unaibeba kweli kweli. Na masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, kuna siku mawingu hayafunguki na unapata robo tu ya kawaida, safari za masika sichukui samaki wa kukaa siku nyingi, au napunguza friji iwe ya kubaridisha tu sio kugandisha.

Na kabla ya kutandika kitu, pigeni hodi kwa sheha, kiongozi wa pale Makangale, mumueleze muko wangapi na munalala wapi, na getini Ngezi mulipe munachotakiwa. Watoto watakuja kuuliza simu zichajiwe, wachajieni, mchana kontrola inatupa umeme bure betri ikishajaa. Kuna mzee mmoja pale kaja kukaa na sisi akasema enzi zao umeme wa Pemba ulikuwa jenereta za Wesha, zikizima kisiwa chote kinajua, mpaka waya wa chini ya bahari ulipokuja kutoka Tanga mwaka 2010, na leo sie tunaukimbia umeme wa Tanga kuja kutengeneza wetu mchangani. Alicheka sana.

Jambo moja linaloniudhi ni uzito. Betri hii ni kilo 30, paneli za kioo nazo si nyepesi, kupanga buti kila mara mgongo unalia. Karafuu zikikubali msimu huu nitahamia lithiamu, ya 100 ina kilo 11 au 12 na unaitumia karibu yote, sio nusu. Ila bei yake bado iko juu, na ile relei itabidi itoke niweke chaja ya DC-DC, ile inayobana ampea zisizidi, kwa sababu lithiamu ikiwa tupu inavuta ampea nyingi mno na altaneta ya Escudo ya zamani itapata moto. Paneli, waya na kontrola vinabaki hivo hivo, kontrola yangu seting ya lithiamu inayo. Anaeitaka hii AGM ikitoka aseme mapema, ikijaa na kupumzika bado inasoma 12.7.