Huduma ya kusafisha akwariamu nyumbani: vioo vinang'aa, mawe yameuawa

Nawapa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya vioo tu. Wiki kadhaa zilizopita nilimwita fundi wa kampuni moja hapa Dar es Salaam inayosafisha akwariamu majumbani. Kazi niliyoitaka ilikuwa ndogo: kukwangua kioo cha mbele na kunyonya uchafu wa mchangani. Yeye alitoa mawe yote, akayasugua kwa brashi ya waya chini ya bomba mpaka yakawa meupe kama sahani, akaosha na sponji ya filta kwenye sinki hilohilo, kisha akamimina dawa ya kuua mwani. Nilipomwambia kwamba ukijani wa kwenye mawe hauguswi, alinijibu bila hata kugeuka: "Bosi, samaki wako wanaishi chooni, halafu unasema pasiguswe?"

Chooni! Tangi lenyewe ni la Tropheus duboisi, samaki wa Ziwa Tanganyika ambao kwa asili hawapatikani kwingine kokote duniani. Ziwani hushinda kutwa wakichuna mwani kwenye miamba. Ukimtazama karibu utaona mdomo umekaa kwa chini na meno ni mafupi na mengi, na ndani ana utumbo mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa, kwa kuwa chakula chake ni cha majani na husagika taratibu. Mnyime mwani, umpe minyoo na vyakula vyenye nyama nyingi, tumbo litavimba, mavi yatatoka kama uzi mweupe, na hatamaliza siku nyingi. Utando wa kijani juu ya jiwe ndio ugali wake. Tena una kazi ya pili: unanyonya amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na naitreti inayotokana nayo, kutoka kwenye maji saa zote taa inapowaka. Fundi anayeingia ndani na chupa ya dawa kabla hajauliza "hawa ni samaki gani?" hajui anachokisafisha.

Sisemi kila kijani kiachwe. Kioo cha mbele kikwanguliwe, maana hapo mwani unakuzuia wewe kuwaona samaki. Vile vidoadoa vigumu vya mviringo havitoki kwa sponji; tumia wembe uliolala kiasi cha nyuzi 45, na kama tangi ni la plastiki usithubutu, tumia kadi ya benki iliyokwisha muda. Vioo vya pembeni na vya nyuma mimi siviharakii, samaki wanajihudumia. Mwani wa nyuzi ukipita sentimita mbili tatu hata duboisi anaukwepa. Huo usokote kwa mswaki mkavu kama unavyosokota tambi kwenye uma, uuvute, kisha punguza taa ziwake muda wa saa 6 au 7 kwa siku badala ya 10 au 12.

Maji yenyewe yakigeuka kijani, kukwangua hakusaidii kitu, kwa sababu mwani huo unaelea. Funika tangi kwa blanketi siku tatu hadi nne, pampu ya hewa isizimwe hata dakika, kisha badilisha nusu ya maji. Na ukiona utando wa kijani-bluu unaobanduka kama ngozi ya maziwa na kunuka udongo mbichi, huo si mwani, ni bakteria. Huo toa wote, unyonye kwa mpira, usiutawanye kwa brashi. Njia yangu ya kutofautisha ni kuchukua kidogo na kukisugua kati ya vidole: ule wa kuachwa umeshika jiwe na unakwaruza kidogo, wa kutolewa unateleza na kunuka.

Mambo haya fundi wa akwariamu anapaswa kuyajua kabla hajashika ndoo. Huyu aliyakosea manne kwa saa moja. Ameondoa mwani uliokuwa unakula amonia. Brashi ya waya imewaondoa bakteria wazuri waliokaa kwenye mawe, wale wanaovunja amonia. Klorini ya maji ya bomba imewamaliza waliokuwa kwenye sponji, wakati sponji ya filta huoshwa kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe na kukamuliwa mara mbili tatu, basi. Na dawa imeua mwani uliobaki nyuma na mchangani, ukaanza kuoza na kunyang'anyana hewa na samaki. Chupa ilikuwa na kimiminika cha bluu, na kwenye lebo imeandikwa shaba, ukoo uleule wa mrututu. Kwa maji magumu (yenye chokaa nyingi) ya samaki wa Tanganyika sidhani kama shaba ndiyo iliyoua samaki, maana nyingi yake hunasa kwenye mchanga na mawe ya chokaa. Konokono, hakubaki hata mmoja.

Asubuhi yake duboisi watatu walikuwa wamelala chini, wengine wanahema juu ya maji. Kipimo kilionyesha amonia miligramu 2 kwa lita. Kwenye tangi la pH 7 (pH ni kipimo cha uchachu wa maji, na 7 ni katikati) hiyo ni hatari lakini unapata nafasi ya kujipanga, kwani sehemu ya amonia yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1. Tangi hili lina pH 8.8 na joto la nyuzi 28, na hapo karibu theluthi ya amonia yote ni sumu kali. Ndiyo maana kosa ambalo samaki wa maji laini wangelivumilia, hawa halikuwapa hata usiku mmoja.

Likikukuta, fanya hivi. Acha kulisha siku mbili. Badilisha nusu ya maji mara moja, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, na kesho yake rudia. Ongeza jiwe la hewa la pili. Weka mkaa wa filta, si wa jikoni, uvute mabaki ya dawa, ila usitegemee utoe amonia. Omba kipande cha sponji chafu kutoka tangi lingine lenye samaki wazima, ukibane ndani ya filta yako. Usimimine siki wala limau ili kushusha pH. Kuyumba kwake kutaua waliobaki. Mawe nayo hayarudi kijani kwa kuyaombea. Yapange kwenye ndoo ya maji ya tangi, weka kibarazani penye jua, ongeza maji yanayopungua, geuza kila baada ya siku chache, na baada ya wiki mbili au tatu yatakuwa tayari kuliwa. Ingiza nusu, nusu nyingine ibaki inaota, kisha unayabadilisha kwa zamu.

Haki yake nimpe: wembe anaujua. Kioo hakina hata mkwaruzo mmoja, na uchafu wa mchangani aliunyonya bila kupoteza mchanga. Kwa mwenye samaki wa dhahabu na mapambo ya plastiki, labda huduma hii inafaa. Nilikuwa tayari hata kuandika kwamba mpeni maelekezo kwa maandishi na mfiche brashi ya waya, mengine atayafanya vizuri.

Ila nilipopiga simu ofisini, dada aliyepokea aliniambia, "Wateja wetu wote wanapenda mawe meupe." Nikamuuliza kama fundi anafundishwa kuuliza aina ya samaki kabla ya kutia dawa. Akasema dawa ni ya samaki wote. Nikamsomea lebo ya chupa yao wenyewe, inayosema isitumike penye konokono na kamba. Akakata simu. Hela hazijarudi, pole sijapewa.

Nilitaka nyota ya pili ibaki kwa ajili ya kile kioo. Sasa hivi nimepita mbele yake nikamwona duboisi mdogo, mweusi mwenye madoa meupe, anauma jiwe tupu, anasogea kidogo, anauma tena, anahamia jiwe jingine. Kioo ni safi mno, nimeona kila kitu. Nyota moja.