Adapta za intaneti kwenye soketi ya umeme: uzoefu wangu, na kwa nini hazivuki nguzo

Boksi limeandikwa 1000 Mbps kwa herufi nene. Kwenye kompyuta nilipima 168. Hakuna aliyesema uongo hapo, na anayefikiria kununua adapta hizi aanze kwa kujua kwa nini namba mbili hizo zinapishana kiasi hicho.

Nazungumzia zile adapta ndogo zinazochomekwa ukutani: moja karibu na rauta, nyingine chumba cha mbali, na intaneti inapita kwenye nyaya zilezile zinazowasha taa. Nimejaribu jozi mbili, moja ya daraja la AV600 na nyingine ya AV1000 (AV ni jina la kiwango cha adapta hizi, namba ni Mbps za kwenye boksi). Nilizijaribu kwenye nyumba ya ghorofa moja ya tofali za saruji, kisha kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe Mji Mkongwe, Unguja, ambako ukuta una unene wa karibu nusu mita na Wi-Fi ya chini haipandi ngazi. Kule huwezi kutoboa kuta upendavyo ukapitisha kebo, kwa sababu mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na majengo yake yana masharti. Waya wa umeme, kwa bahati, umeshapita tayari.

Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Adapta inapandisha juu yake mawimbi madogo ya kasi sana, kuanzia karibu 2 MHz hadi 30 MHz kwa vifaa vya AV vya kwanza, na hadi 86 MHz kwa kizazi cha AV2. Masafa hayo hukatwa vijia vyembamba, zaidi ya elfu moja, na kila kijia kinapimwa muda wote. Kilicho safi kinabebeshwa biti nyingi, chenye kelele ya umeme kinabebeshwa chache au kinaachwa kabisa. Kwa hiyo kasi haitulii: mtu akichomeka chaja jikoni, vijia kadhaa vinakufa chumbani.

Ile 1000 ya boksi ni kasi ghafi ya kwenye waya, kabla ya kutoa gharama ya kurekebisha makosa. Isitoshe, njia ni moja. Adapta inayotaka kutuma husubiri inayotuma imalize, na ukiongeza ya tatu na ya nne, zote zinagawana bakuli lilelile. Robo ya namba ya boksi, ikizidi sana theluthi, ndiyo ya kutegemea kwenye nyaya nzuri. Kuna mtego mwingine: AV600 nyingi zina mlango wa kebo wa 100 Mbps tu, hivyo hazitazidi 95 hata ukizichomeka soketi mbili zinazogusana. Soma upande wa nyuma wa boksi, utafute neno gigabiti kwenye mlango wenyewe. Kuliona kwenye jina la bidhaa hakutoshi.

Vipimo vya AV1000 katika nyumba ya tofali vilikuwa hivi. Soketi mbili za chumba kimoja: 290. Chumba cha jirani, saketi ileile: 168. Chumba cha juu, saketi nyingine, mawimbi yakilazimika kupita kwenye boksi la breka: 94. Banda la uani linalolishwa na kebo ndefu kutoka meni swichi: 31. AV600 katika sehemu hizohizo ilitoa 93, 88, 52 na 19. Nyumba ya mawe, kutoka chini hadi ghorofa ya pili, AV1000 ilitoa 61 mchana na 38 usiku. Kwa mwenye kifurushi cha 20 au 30 Mbps, karibu namba zote hizo zinatosha. Ucheleweshaji uliongezeka kwa milisekunde 3 hadi 5, jambo ambalo simu ya video hailihisi.

Kupima ni rahisi na kunaokoa ubishi. Tumia iperf3, programu inayopima kasi kati ya kompyuta mbili. Kompyuta moja ichomekwe kebo kwenye rauta, uandike iperf3 -s. Nyingine ichomekwe kwenye adapta ya mbali, uandike iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza, kisha -t 60 ili jaribio lichukue dakika nzima. Rudia kwa kuongeza -R, maana kasi ya kwenda na ya kurudi huwa si sawa: kelele iliyo karibu na adapta inayopokea inaumiza zaidi. Tovuti za kupima kasi zinapima mtoa huduma wako pamoja na kila kilicho njiani, hazikuambii habari za waya wa nyumbani.

Kuziunganisha usianze zikiwa vyumba tofauti. Zichomeke zote chumba kimoja, bonyeza kitufe cha Pair cha kwanza kwa sekunde moja hivi, na ndani ya dakika mbili ubonyeze cha pili. Taa ya adapta yenye alama ya nyumba ikitulia, zing'oe uzipeleke mahali pake, zitakumbukana. Ukibonyeza kwa muda mrefu, kwa kawaida sekunde nane au zaidi, adapta inasahau mtandao wake, na wengi hapo ndipo wanaposema kifaa kibovu. Hatua hii usiiruke hata kama zimewasiliana zenyewe tangu zilipotoka kwenye boksi. Zimewasiliana kwa sababu zinatoka kiwandani na ufunguo mmoja unaojulikana, na jirani mnayechangia waya akiwa na zake za aina hiyo anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako. Kitufe ndicho kinachotengeneza ufunguo mpya wa siri wa kufungia data, wa AES wa biti 128.

Sasa kinachoziharibu. Adui wa kwanza ni ekstensheni. Adapta ichomekwe ukutani moja kwa moja, halafu ekstensheni yenye vifaa vyako ichomekwe soketi nyingine, au kwenye tundu la mbele la adapta kama inalo, kwa sababu tundu hilo lina kichujio. Ekstensheni zenye kinga ya radi ndizo mbaya zaidi: zina kapasita zilizowekwa makusudi zimeze mawimbi ya masafa ya juu, na data yako ni mawimbi ya masafa ya juu. Stebilaiza na UPS ni hivyohivyo. Nilipoichomeka adapta nyuma ya stebilaiza ya friji, 94 ilishuka hadi 11.

Baada ya hapo ni kelele. Chaja za simu za bei ya chee, zile nyepesi kama ganda la karanga, hazina kichujio ndani na hutema uchafu kwenye waya. Moja tu, kwenye soketi pacha na adapta ya juu, ilishusha 94 hadi 47. Ilipohamishiwa chumba kingine ikarudi 85. Balbu za LED zisizo na jina, regulata za feni za kielektroniki, blenda na drili vinafuata. Blenda ni kesi ya pekee: inatoa cheche kwenye brashi za mota, kasi inaanguka na ucheleweshaji unaruka kupita milisekunde 40, lakini ikizimwa mambo yanarudi mara moja. Kumtafuta mkosaji, acha iperf3 ikimbie, kisha ng'oa vifaa kimoja kimoja ukiangalia namba. Anza na vile vilivyo karibu na adapta inayopokea.

Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, watu wanaudharau. Baadhi ya adapta za kizazi cha AV2 hupata sehemu ya kasi kwa kutumia nyaya zote tatu, fezi, nyutro na ethi, kama njia mbili zinazokwenda sambamba. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo nyuma yake ethi haikufungwa, au imefungwa na fimbo ya ardhini haipo. Huko kifaa kinarudi kwenye njia moja na hakikuambii. Na ile desturi yetu ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie haifai kabisa hapa, achilia mbali hatari yake: adapta ya pini mbili haigusi ethi. Nunua yenye pini tatu bapa. Ethi ikiwa haipo, mwite fundi aliyesajiliwa aifunge, kwanza kwa usalama wa watu, kasi ije baadaye.

Penye fezi tatu, soketi za chini zinaweza kuwa fezi moja na za juu nyingine. Mawimbi huvuka kwa kuambukizana tu pale nyaya zinapolala pamoja, hivyo hufika yamechoka. Wakati mwingine kuhamia soketi ya ukuta wa pili kunatatua yote.

Umeme ukikatika, zinazima. Wengi wetu tuna ile UPS ndogo ya volti 12 inayobakiza rauta hai. Adapta haina tundu la volti 12, inataka 230. Penye inveta, hakikisha soketi zote mbili ziko upande wa inveta, vinginevyo moja itawaka na nyingine italala. Inveta za wimbi lililokatwakatwa, ambazo si sine safi, zina kelele nyingi kiasi kwamba sikupata muunganisho uliodumu.

Na mzee wa nyumba akilalamika kwamba redio ya masafa mafupi inakoroma, ana haki. Adapta zinatumia eneo hilohilo la masafa, na waya wa ukutani ni antena nzuri kuliko tunavyotaka. Watengenezaji huacha mapengo kwenye masafa ya maredio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, lakini stesheni za utangazaji hazipati ulinzi huohuo daima. Kuiondoa redio kwenye soketi na kuiweka kwenye betri kunapunguza mkoromo.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo huulizwa kila adapta hizi zinapotajwa: kama waya wa umeme unabeba intaneti chumba hadi chumba, kwa nini shirika la umeme lisituletee kutoka kwenye nguzo? Umeme umefika vijiji ambavyo kebo ya simu haikuwahi kufika. Wazo hilo limejaribiwa kwa fedha nyingi. Uingereza, kampuni ya umeme ya Norweb na Nortel, watengenezaji wa vifaa vya simu, walitangaza mradi wao Manchester mwaka 1997, wakaufunga 1999. Marekani, mji wa Manassas, Virginia, uliwauzia wakazi huduma hiyo kuanzia 2005, na mwaka 2010 ukaizima kwa kukosa wateja wa kulipia gharama.

Sababu ni za fizikia kabla ya kuwa za biashara. Transfoma imetengenezwa kwa ajili ya mizunguko 50 au 60. Mawimbi ya MHz yakifika hapo yanagonga ukuta. Inabidi kila transfoma iwekewe kifaa cha kuyazungusha, na njiani virudishi vya kuyapa nguvu tena, kila baada ya mita mia kadhaa, juu ya nguzo, kwenye laini ya maelfu ya volti. Marekani transfoma moja hulisha nyumba chache, hivyo vifaa vinakuwa vingi kuliko wateja. Kwetu transfoma moja inaweza kulisha mamia ya nyumba. Kwenye karatasi inapendeza, ila nyumba hizo zote zinagawana lile bakuli moja, juu ya laini ndefu yenye viungio vilivyolegea na chaja za mtaa mzima. Na waya wa nguzoni hauna ganda la kuzuia mawimbi, unayarusha hewani. Marekani ugomvi wa chama cha maredio ya ridhaa, ARRL, dhidi ya kanuni za 2004 za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ulifika hadi mahakama ya rufaa, iliyotoa hukumu mwaka 2008. Viwango vya kimataifa vya intaneti ya waya wa umeme, IEEE 1901, vilipotoka 2010, faiba na 4G vilikuwa vimeanza kuchukua njia.

Kilichobaki hai nje ya nyumba ni data ndogondogo. Kenya, kile kidude cha kuingizia tokeni unachochomeka kwenye soketi huzungumza na mita iliyo nguzoni kwa waya huohuo wa umeme, kwa masafa ya chini sana. Tarakimu 20 hazihitaji kasi. Na mashirika ya umeme yameingia kwenye intaneti kwa mlango mwingine: ule waya wa juu kabisa wa minara mikubwa, wa kukinga radi, siku hizi una nyuzi za faiba tumboni. Sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Tanzania, mtandao mkuu wa faiba wa nchi, inapita kwenye minara ya TANESCO, na Kenya Power hukodisha faiba zake kwa kampuni za simu. Faiba haijali volti 220,000 zilizo chini yake.

Kwa hiyo ununue? Kwa nyumba yenye mita moja ya umeme, kuta nene, nyaya za shaba zisizo na viraka, ndiyo, na uchukue yenye mlango wa gigabiti. Kwa nyumba mbili zenye mita mbili, usijisumbue. Elewana na muuzaji kwamba unaweza kurudisha, halafu pima saa mbili usiku, taa zote, feni na televisheni vikiwa vimewashwa. Ukikuta chini ya 30, rudisha, ununue kebo ya Cat6 ya shaba tupu, siyo ile ya alumini iliyopakwa shaba, na mfereji wa plastiki wa kuipitisha juu ya ukuta.