Simtanki la lita 1,000: jina moja, matanki mengi

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi Gerezani, Dar es Salaam, useme unataka simtanki la lita elfu moja. Muuzaji hatakuuliza la kiwanda gani, atakuonyesha lililopo. SimTank ni jina la biashara lililotoka Simba Plastics, kiwanda cha hapa hapa Dar, ila mtaani kila tanki la plastiki ni simtanki, kama watu wanavyosema "bajaji ya TVS" na hakuna anayeshtuka. Jina limekua mpaka likamzidi mwenyewe. Shida ni kwamba halikuambii unene wa plastiki wala dhamana ni ya nani.

Kwa hiyo kagua. Fungua mfuniko mchana kweupe, ingiza kichwa. Kuta zikipitisha mwanga, maji yataota ukijani; tanki zuri ndani ni giza. Bonyeza ubavu kwa kiganja, kisha inua matanki mawili ya ujazo mmoja: lililo jepesi ndilo jembamba. Risiti iandikwe jina la mtengenezaji. Ikiandikwa "simtanki 1", siku likipasuka huna pa kulirudisha.

Na mengi yanayopasuka yanaponzwa na kitako, yaani pale tanki linapokaa. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Ukiziweka juu ya mnara wa vyuma wenye mapengo, plastiki inabonyea kati ya chuma na chuma, siku baada ya siku, hadi inachanika. Mwaga jamvi la zege, au panga mbao nene zilizobanana, pana kuliko tanki lenyewe, na ufagie: kokoto moja iliyosahaulika chini inatosha kuanzisha ufa. Bomba la kutolea lifungwe kwenye nguzo; likining'inia, uzito wake unalegeza konekta na maji yanavuja pale pale. Tanki tupu juu ya mnara lifungwe kamba, upepo wa pwani hulibeba.

Mnara wa mita 3 unatoa presha ya bar 0.3 hivi. Bomba la jikoni litatoa maji vizuri, lakini baadhi ya hita za bafuni huenda zisiwake bila pampu.

Kuhusu ujazo: watu 5 wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, lita 1,000 zinaisha siku ya nne. Mtaa wenu ukipata maji mara moja kwa wiki, nunua la 2,000.