Kava ya taiming ya 22R: ushushe sampo au uiache?

Wenye Hilux za zamani zenye injini ya 22R wanajua, kava ya taiming, yaani kifuniko cha cheni ya taiming mbele ya injini, imekalia sampo (bakuli la oili) kwa chini, kwahiyo ukiing'oa kwa pupa gasketi ya sampo inachanika mbele na oili inaanza kuvuja.

Njia ya kwanza unaiacha sampo palepale. Unatoa boliti za sampo zinazoingia kwenye kava, zile za pembeni unazilegeza tu kidogo ili sampo ishuke kiasi, halafu unapitisha kisu chembamba taratibu kati ya kava na gasketi, usitumie bisibisi kubanjua maana ndo inayochana. Na kuna boliti moja imejificha juu, mbele ya silinda hedi chini ya gia ya distribyuta, mara nyingi imezama kwenye oili, hiyo usipoitoa utavuta kava mpaka uipasue. Wakati wa kurudisha paka silikoni kwenye kona mbili pale bloku inapokutana na kava.

Njia ya pili ni kushusha sampo yote. Gasketi mpya, usafi wa uhakika, ila kwa foo wili lazima ushughulike na difu ya mbele kwanza, kazi ya kuchosha kweli.

Mi kama ni kava tu inavuja naiacha sampo. Lakini kama gaidi za plastiki zinazoongoza cheni ya taiming zimevunjika, shusha tu ndugu yangu, vipande vyote viko mle chini.