Sikaflex 291 au 3M 5200? Gundi ya koki ya bahari, boti ikiwa juu ya lifti

Karibuni watazamaji. Boti hii ya faiba iko juu ya lifti, mashine ya kuinua boti kwa mikanda, Mtwapa, na inatiwa koki mpya, vali ya tundu la maji ya bahari, kwenye sehemu inayokaa chini ya maji boti ikielea. Gundi ni hizi mbili: Sikaflex 291 na 3M 5200. Zote poliyurethani, zote zinashika. Tofauti iko siku ya kung'oa.

5200 hukauka kabisa kwa siku 5 hadi 7, na ikishakauka, ukilazimisha koki itoke itabandua faiba pamoja nayo. Hiyo iweke kwenye kiungo kisichofunguliwa maisha. Koki iko siku itabadilishwa, kwa hivyo mimi nachagua 291.

Mnaopandisha boti ufuoni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, nawaomba sana tundu kama hili msilitoboe pale. Maji yakijaa sasa, baada ya saa 12 na dakika 25 hivi yamejaa tena, na gundi bado haijakauka. Gundi hizi hukaushwa na unyevu wa hewa, na Pwani unyevu tunao, ila zinaanza nje kuingia ndani, milimita chache tu kwa siku. Hapa juu ya lifti iachie siku 3.

Haya, kazi. Toboa tundu la milimita 6 ukiwa ndani, uone halikugonga kitu, kisha utoke nje umalizie na msumeno wa kopo, ule wa kutobolea matundu unaofungwa kwenye drili. Ukiona unga wa mbao, faiba yako ina mbao katikati. Ichokoe hiyo mbao milimita 10 kuzunguka tundu, jaza epoksi, kesho utoboe upya. Ukiruka hatua hii maji yataingia kwenye mbao na itaoza bila wewe kuona.

Jaribu koki kwanza bila gundi. Kisha piga msasa, futa kwa asetoni. Spiriti isikaribie gundi mbichi, itabaki laini kama chingamu. Paka gundi, kaza mpaka itoke kidogo pande zote, basi. Ukikamua yote hujaziba kitu.

Na koki yenyewe iwe ya bronzi. Ile ya brasi ya duka la mabomba ina zinki nyingi, na maji ya chumvi huila. Ukiikwaruza ukaona rangi ya waridi, imekwisha, hata kama umbo bado zima.

Siku ya kushusha, mikanda isiachiliwe kwanza. Ingia ndani, pitisha kidole kuzunguka koki. Kikitoka na maji, boti ipandishwe papo hapo.